Kwa yaya Jérôme, na taa iliyojiwasha siku nne

Mwaka umetimia, yaya Jérôme. Ulikufa peke yako Alhamisi jioni, tarehe sita Februari, nyumbani kwako Koekelberg, Brussels, na siku nne zikapita bila mtu wa kwenu kujua. Ulikuwa na dada, shemeji, mdogo wako wa kiume na binti yake. Aliyekuwa mbali kuliko wote ni huyo binti, Liège, saa moja ya treni. Aliyekuwa karibu kuliko wote alikuwa chini ya dirisha lako siku ya tatu. Alitazama juu, akaridhika, akaendelea na safari yake.

Hakuna namna nzuri ya kulisema hilo, kwa hiyo tumelisema kwanza.

Wanaosoma na hawakukujua, wajue kwamba ulizaliwa Likasi, mji wetu wa migodi, mkubwa wetu sote, na kwetu mkubwa anaitwa yaya. Ulikuja Brussels ukiwa kijana. Kwa miaka ishirini na miwili ulikuwa mwangalizi wa jengo moja la Etterbeek, lile lenye wafanyakazi wa maofisi ya Ulaya na wanafunzi. Ulibadilisha balbu zao, ulitoa takataka zao, ulipokea vifurushi vyao. Siku ya kutoa takataka ulivaa tai. Mtu akikuuliza kwa nini, ulimjibu kwamba siku hiyo ndiyo unayoonekana na watu wengi. Ukipanda ngazi ulipiga mluzi, ili bibi vizee wasishtuke kukukuta kwenye kona. Viatu ulivisugua kila siku baada ya kazi, ukaviacha nje kwenye mkeka vikauke rangi, hata wakati wa theluji.

Mkeo Lucienne alipokufa tulidhani utajifungia. Hukujifungia. Jumapili zilibaki kama alivyoziacha: bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki, na sisi watu watano mezani kwako, wewe, Rolande na mumewe Ghislain, Numbi na binti yake Sephora. Numbi ulimpikia kwenye sufuria yake ndogo, bila pilipili, kwa sababu hali pilipili tangu utotoni. Kila Jumapili ulimpa na maneno ya kushushia.

"Mwanaume wa miaka makumi tano! Anabeba piano ya wazungu mpaka étage ya sita, anashindwa na kapilipili kamoja!"

Na mtu asipofika, hukusema kitu. Ulichukua kopo la plastiki, ukamwekea sehemu yake, ukaandika jina juu ya kifuniko. Ndivyo mama alivyofanya Likasi, ndivyo ulivyofanya wewe. Mtu hajaja, lakini chakula chake kipo.

Halafu alikuja nyoka.

Mwanafunzi mmoja wa ghorofa ya nne, Quentin, alikuomba umwangalizie sanduku lake la kioo wiki mbili tu, anakwenda likizo. Ndani yake mlikuwa na chatu mchanga wa Amerika, wale wanaoitwa boa, mwembamba kama mpini wa jembe. Wiki mbili zikawa mwezi. Mwezi ukaleta ujumbe kwenye simu: Quentin amepata kazi nchi nyingine, hatarudi, karatasi za nyoka zote ziko kwenye droo, asante sana. Wewe hukuwa umefuga hata paka maishani mwako. Ilikuwa Novemba, mwezi wako wa mwisho kazini kabla ya pensheni. Siku ulipokabidhi funguo za jengo, wenye nyumba walikupa saa ya mezani na mkono wa kwaheri. Ukarudi Koekelberg kwa metro, umeshika saa mkono mmoja, na mkono wa pili mfuko wa sokoni wenye foronya iliyofungwa fundo. Ndani ya foronya alikuwamo yeye.

Rolande alikupigia simu akipiga kelele.

"Yaya, si ungemutupa!"

"Nitamutupa wapi? Mu poubelle, na takataka?"

Ukampa jina la Kapita, kama wale wasimamizi wa migodini kwetu zamani. Ulisema anafanana nao kabisa: anakaa tu pahali pa joto, anaangalia wengine wakifanya kazi, na akila mara moja anatosheka wiki mbili.

Tulicheka, lakini hatukuja. Jumapili iliyofuata, tarehe kumi Desemba, tulikaa jikoni kwa Rolande, Etterbeek, tukakubaliana. Wapo waliotwambia kwamba mzee mjane hafugi nyoka bure, kwamba kitu kama kile kinalipwa kwa damu ya ukoo. Hatukuamini wote, lakini wote tuliogopa kusema kwamba hatuamini. Rolande ndiye aliyetoa shauri.

"Tusipande tena kule. Wiki tatu tu, mutaona. Yaya hawezi kuikala bila batu. Atamutoa yeye mwenyewe."

"Bon," akasema Ghislain. "Ni yeye ao sisi."

Tulifanya hivyo kwa kukupenda. Hilo tunaliandika kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linasaidia.

Wiki tatu zilipita, ukabaki naye. Na wewe ulikuwa mkubwa. Kwetu mkubwa habembelezi wadogo waje. Wadogo ndio wanaokuja. Kwa hiyo hukuomba. Ulipiga simu tu na kutoa habari za nyoka. "Kapita amejivua gamba leo, kipande kimoja, toka mudomo mpaka mukia, hata macho yamo. Mukuje muone." Au: "Amekula. Alikawiya, lakini amekula." Tulitazamana na kusema yaya amerukwa na akili, sasa anatusumbua na mlo wa nyoka. Numbi alikawia kuelewa kwamba "mukuje muone" ilikuwa ndiyo namna pekee uliyokuwa nayo ya kuomba. Alikawia mpaka ukawa umekufa.

Sephora alikuja mara mbili kwa siri, akitoka Liège. Alikaa jioni nzima, akamshika Kapita, akala. Hakutuambia mpaka siku ya mazishi.

Na Numbi alipanda mara moja. Hiyo lazima isimuliwe.

Ilikuwa Oktoba. Mdogo wako, kama wanavyojua waliomwajiri, aliacha shule mapema, na kazi yake ni kuhamisha vyombo vya watu na kusafisha nyumba za waliokufa. Ulimpigia asubuhi.

"Numbi, niko na kioo ya kupandisha. Kilo quarante. Ile ya zamani imemubana Kapita."

Alisema hapana, kisha akaja. Alikuja na mikanda ya kubebea, na gari lake. Kioo hicho cha kilo arobaini kilikuwa kimeletwa mpaka mlango wa chini, kimeegemea ukuta. Alipanda kwanza mikono mitupu, kama wafanyavyo wa kazi ile, kupima kona za ngazi. Ukafungua mlango. Nyoka alikuwa amejizungusha kwenye mkono wako mpaka begani, mnene sasa, urefu wa mita moja na nusu, rangi ya kahawia na mkia mwekundu kama tofali.

"Ingia, ingia. Lakini unawe mikono kwanza. Asubui ulikula kuku? Akisikia arufu yake, atazania mukono yako ni chakula."

"Yaya, utoe ile kitu."

"Huyu si kitu. Ni Kapita. Kapita, huyu ni Numbi, mutoto wa mama. Anaogopa pilipili, na weye anakuogopa."

"Sicheki, yaya."

"Bon. Usicheke. Guza tu. Hana baridi vile unafikiri."

"Unajua batu banasema nini? Banasema ulimutoa kwetu. Banasema anakuletea makuta."

Hapo ulicheka mpaka nyoka akatikisika.

"Makuta! Alors uwaambie Kapita ni muvivu sana. Mwaka muzima, hata senti moja hajaleta. Panya zake ni miye ninazinunua!"

Numbi hakucheka. Alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Alisema lile ambalo sote tulikuwa tumelisema jikoni, ila yeye alilisema usoni pako.

"Chagua, yaya. Ao yeye, ao sisi."

Ulimi wa Kapita ulitoka, ukaonja hewa, ukarudi. Kisha ukasema taratibu, bila hasira:

"Yeye hajaniambia nichague."

Numbi akashuka. Kioo kilikuwa palepale ukutani. Akakipita. Kila juma anabeba makabati ya watu asiowajua, na kioo cha kaka yake alikipita. Heleen, jirani yako wa chini, ndiye aliyemweleza baadaye: ulikibeba mwenyewe, umekizungushia blanketi, ukipumzika kila kona ya ngazi. Ulianza saa saba mchana, ukafika juu giza limeingia. Miezi minne baadaye daktari alisema moyo wako ulikuwa umechoka tangu zamani. Numbi hakumuuliza zamani ni lini.

Sasa habari ya taa.

Sanduku la Kapita uliliweka karibu na dirisha la barabarani, na juu yake taa ya joto. Rolande, akienda misa kila Jumapili, basi lake linapita mtaa wako. Siku moja aliona mwanga ule mwekundu, akatupigia. "Eko mzima. Taa inawaka." Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu. Kila Jumapili Rolande alitazama juu kutoka kwenye basi, na kila Jumapili alituambia vilevile. Taa inawaka. Yaya yuko, na nyoka wake, na kichwa chake kigumu. Hatukuhitaji kupiga simu wala kupanda. Tulikuwa na taa.

Jumapili ile, tarehe tisa Februari, alitazama kama kawaida, akaandika kwenye simu kwa wote: taa inawaka. Ulikuwa umekufa siku ya tatu.

Jumatatu Heleen aliona viatu vyako bado viko kwenye mkeka, vimesuguliwa, tangu Alhamisi. Akagonga. Akaita polisi. Numbi alifika jioni, akawakuta wanaume wawili wanakushusha. Alipanda wakati nyinyi mnashuka, akajibana ukutani kuwapisha, mkapishana hivyo. Ndani kila kitu kilikuwa kimepangwa. Kikombe kimefunikwa sahani. Taa ya Kapita inawaka, na Kapita chini yake amelala kama kamba ya meli iliyokunjwa vizuri.

Saa mbili kamili kitu kililia ukutani, kidogo, kama mtu amevunja njiti. Taa ikazima yenyewe.

Numbi alibaki gizani. Aliwasha mwanga wa simu, akafuata waya kutoka kwenye taa hadi kwenye plagi, na kwenye plagi akakuta kisaa kidogo cheupe cha kuwasha na kuzima. Asubuhi saa mbili, washa. Usiku saa mbili, zima. Ulikitega ili Kapita apate mchana na usiku hata wewe ukichelewa kuamka. Kilikuwa kimefanya kazi Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Kilikuwa kimetuambia kwamba uko mzima.

Kazi ya Numbi ina mazoea yake. Ukiingia nyumba ya marehemu, jambo la kwanza unashusha swichi kuu, moto usije ukatokea. Familia ilidhani alifanya hivyo kwa mazoea, ilipojua baadaye kwamba umeme ulizimwa. Hapana. Nyumba ile hakuja kuisafisha siku hiyo. Na nyoka hakumsahau. Alimmulika kwa simu, wakatazamana. Kisha alikwenda kwenye kisanduku cha umeme karibu na mlango, akashusha swichi ili yule naye afe. Akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda kwenye matanga.

Ilikuwa Februari. Matanga tuliyakalia kwa Rolande. Watu walikuja wengi, yaya. Walikuja kutoka Liège, kutoka Charleroi, hata wale waliosema habari ya damu ya ukoo walikuja, wakakaa kwenye viti vya kukodi, wakakusifu. Vyakula vilibaki. Tukakuzika karibu na Lucienne.

Baada ya siku kumi na moja Numbi alirudi Koekelberg kutoa vyombo. Mwenye nyumba alikuwa anataka funguo. Kwa ajili ya nyoka alikuwa amechukua mfuko mmoja wa takataka, ule mnene. Ndani mlikuwa na baridi ya kuonekana mdomoni. Alifungua kioo, akamsukuma Kapita kwa mpini wa ufagio. Kapita akainua kichwa. Alikuwa mzito kama mtu aliyeamshwa homani, mdomo wazi, na kila pumzi ilitoa sauti nyembamba, kama birika lililo chumba cha pili. Povu lilikuwa kwenye pua.

Numbi alikaa kitini pako. Kisha alivua koti lake, akamfunika, akapiga nambari uliyokuwa umeiandika kwa kalamu nene kwenye kioo: Katrien, daktari wa wanyama.

Alimpeleka kwenye foronya, ndani ya mfuko wa sokoni, chini ya koti. Daktari Katrien alimtandaza mezani, akamsikiliza, akamfungua mdomo, akampapasa ngozi sentimita kwa sentimita.

"Nani alikuwa anamtunza?"

"Kaka yangu. Amefariki."

"Alimtunza vizuri sana. Hii ya kwanza kwake?"

"Ya kwanza."

"Wengi wa mara ya kwanza wanawalisha mno, wanaleta hapa nyoka mnene kama soseji. Huyu uzito wake ni sawasawa. Kaka yako alikuwa akinipigia kila mwezi kuniuliza maswali. Na wewe, umemfanya nini?"

"Nilizima umeme."

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Hakumgombeza. Aliandika kumi na moja kwenye karatasi yake. Alimwambia mapafu yameshika baridi, huenda akapona, huenda asipone. Sindano moja kila baada ya siku tatu, mara nane, na joto lisishuke usiku wala mchana. Je, kuna mtu nyumbani wa kumchoma sindano? Numbi akatazama nyuma yake kama vile kuna mtu mwingine aliyeingia naye.

"Niko mimi," akasema.

Hivyo ndivyo Kapita alivyokuja kukaa kwa Numbi, nyuma ya stesheni ya Gare du Nord, ghorofa ya tatu. Kioo alikipandisha Numbi mwenyewe, na hakupumzika kwenye kona hata moja.

Yaya, ungemcheka. Sindano ya kwanza alivaa glavu za kubebea makabati, ngozi nene, akashindwa kushika hata sindano yenyewe. Ya pili alivua. Ya tatu alianza kuongea naye. Alijifunza kwamba upande mmoja wa kioo lazima uwe wa joto, upande mwingine uwe baridi kidogo, ili mwenyewe achague. Wewe ulikuwa umeandika kwa kalamu, 31 huku, 26 kule. Alijifunza kunyunyiza maji asubuhi, kwa sababu hewa kavu ya nyumba zetu za kipasha joto inamharibia gamba. Panya anatoka kwenye barafu, anayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, anakaushwa, anashikwa kwa koleo ndefu, si kwa vidole. Akishakula, siku mbili usimguse. Macho yakiwa na ukungu wa buluu, usimguse kabisa. Haoni, anakaribia kujivua. Maji yabadilishwe kila siku, na mikono ioshwe kabla na baada.

Kwa miezi minne Kapita hakula. Numbi alimyeyushia panya, akamtupa, akamyeyushia mwingine, akamtupa. Juni, siku ya joto, Kapita alimkamata panya ghafla, akajizungusha, akameza. Numbi alishika simu ili ampigie mtu. Akapitia majina yote. Kisha akampigia Rolande.

"Amekula," akasema. "Alikawiya, lakini amekula."

Rolande alikuwa amewahi kuyasikia maneno hayo, na sauti ya Numbi kwenye simu ni kama yako. Akakata. Hakuja.

Hakuna anayekuja, yaya. Hatusemi haya kulalamika. Hakuna aliyekaa jikoni kukubaliana safari hii, imetokea tu. Wenzake wa kazi wanamngoja chini, wanapiga honi. Ghislain alifika mara moja mpaka mlango wa jengo, akampa kwa mkono barua ya parokia, akasema ana haraka. Jumapili Numbi anapika bukari kidogo, anakula akitazamana na Kapita, anaosha sahani moja. Anajua sasa Jumapili ina saa ngapi. Ameanza kusugua viatu.

Jambo moja amelibadilisha. Dirisha la barabarani amelitundikia pazia zito, la rangi ya kijivu, mchana na usiku. Mwanga hautoki. Anayetaka kujua kama Numbi yuko hai itabidi apande.

Kabla ya kuituma kumbukumbu hii Numbi alimsomea Rolande karibu yote kwenye simu, pamoja na ukweli wa swichi, ambao hakuna aliyeujua. Rolande alilia mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Uandike yote. Na ya taa, uandike ni miye njo niliona. Usifiche jina."

Tumeandika.

Misa yako ni Jumapili hii tarehe nane, saa nne asubuhi, parokiani Koekelberg. Baada ya misa chakula ni kwa Numbi, ghorofa ya tatu, kengele imeandikwa jina. Kutakuwa na bukari, sombe na samaki. Kapita atakuwepo. Hatatolewa chumbani wala hatafunikwa shuka. Rolande ameahidi kupanda. Tutaona.

Liko jambo la mwisho la siku ile ya baridi, na hili Numbi hakulisoma kwenye simu.

Aliporudi kutoka kwa daktari kuchukua kioo, alifungua friza yako, kama anavyofungua friza zote za marehemu. Harufu ilimpiga akarudi nyuma. Droo ya juu ilikuwa na panya wa Kapita. Droo tatu za chini zilikuwa na makopo ya plastiki, yamepangwa kwa mistari. Juu ya kila kifuniko kulikuwa na jina na tarehe. Tarehe zote zilikuwa za Jumapili. Ulikuwa unatupikia, yaya. Friza ilipojaa ulikula la zamani kuliko yote, ukaweka jipya mahali pake. La mwisho liliandikwa tarehe mbili Februari, siku nne kabla hujafa.

Umeme ulipozimwa siku kumi na moja, nyoka alipona. Chakula hakikupona. Numbi alikuwa na mfuko ule mnene wa takataka aliouleta kwa ajili ya Kapita. Uliyatosha makopo yote.

Tunaokukumbuka, na ambao hatuna ruhusa tena ya kukusahau hata siku moja:

Rolande, dada yako: Jumapili sitini na moja hakupanda, na moja aliyoona taa ukiwa umeshakufa. Makopo tisa.

Ghislain, shemeji yako: Jumapili sitini na mbili. Makopo sita.

Sephora, binti yetu: alipanda mara mbili, hakupanda sitini. Makopo saba.

Numbi, mdogo wako: alifika mlangoni mara moja, hakuingia. Makopo tisa, bila pilipili.

Jumla makopo thelathini na moja. Kutoka barabarani mpaka mlangoni pako ni ngazi thelathini na nane.